Mto Uliopanda Mlima

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikabidhiwa Mto Turkwel. Ofisi yetu ya ramani ilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya River Road, Nairobi, na nilitakiwa kuchora korongo la Turkwel lilivyokuwa kabla ya kujengwa lile bwawa la mita 153. Nikapewa picha za angani za zamani, rangi ya majivu, na stereoskopu: miguu minne, lenzi mbili, haina hata waya. Enzi za mkoloni, baada ya vita, ndege za Kikosi cha 82 cha Waingereza zilikuwa zikiruka kutoka Eastleigh kwenda kupiga picha kama hizo. Eastleigh hiyo hiyo ninakonunua suruali.

Unapanga picha mbili zinazoingiliana kwa kama asilimia 60, kila jicho linatazama yake, na mara ardhi inainuka mezani. Nikatazama. Ikainuka kweli. Ila mto ulikuwa juu kabisa ya mlima, umekaa mgongoni kama mtoto kwenye mbeleko!

Mwenye akili angejiuliza. Mimi nikajua nimegundua kitu. Nilichora kontua, ile mistari ya mwinuko, siku mbili, pembeni nikaandika "labda tetemeko", kisha usiku nikautupa mchoro kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Mjomba wangu wa Lodwar, mji ambao Turkwel huupitia ukienda Ziwa Turkana, akajibu: "Mpwa wangu, huku kiangazi tunachimba mchanga kutafuta maji. Huo wa kupanda mlima uko wapi, tuuombe ushuke?"

Nikasema moyoni, mjomba hajasoma.

Asubuhi nikamwita Mzee, mchoraji mstaafu anayekuja ofisini kwa kuwa nyumbani hana wa kubishana naye. Akainamia lenzi. Akakawia. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani ni fahari. Kimya kimya akaichukua picha ya kushoto akaiweka kulia, ya kulia akaileta kushoto.

"Haya, tazama."

Mlima wangu ukadidimia, ukawa korongo, na mto ukalala chini kwa adabu zake. Kumbe ukizipanga picha kinyume, macho husoma bonde kuwa kilima.

"Kijana, siku mbili?"

"Mbili na nusu, Mzee. Shikamoo."

Akafuta miwani. "Marahaba. Nenda utuletee chai. Na ngazi za huko zinashuka, usije ukapanda."