Kushindwa Nishindwe, na Hadithi Mnichukulie?

Wiki iliyopita fomu ya shindano la hadithi fupi ilizunguka kwenye magrupu yote ya waandishi hapa Unguja, na Pemba ikafika. Watu wakaipokea kwa makopakopa na mikono ya dua. Mie nikafanya ushamba wangu wa siku zote, nikasoma masharti mpaka chini kule ambako maandishi huanza kuwa madogo. Sharti la mwisho linasema kazi zote zitakazowasilishwa zitakuwa mali ya waandaaji, watazitumia watakavyo, kwa muda wowote, bila malipo ya ziada.

Zote! Pamoja na zilizoshindwa.

Yaani uandike, utume, ushindwe, usipate hata cheti cha ushiriki, na hadithi isirudi. Mshindi angalau kapewa zawadi. Tuseme kauza, na kama kauza kwa bei ya kutupa hiyo shauri yake. Huyu aliyeshindwa kauza nini, na kalipwa na nani? Nikawaandikia waandaaji kwa adabu zote kuuliza. Nikajibiwa: "Hilo ni sharti la kawaida, dada, mashindano yote yako hivyo."

Hayako hivyo. Shindano la hadithi fupi la Jumuiya ya Madola, ambalo kwa faida ya wasiojua linapokea hadithi za Kiswahili na halitozi kiingilio, linamwachia mwandishi hakimiliki yake. Hao wanapokea hadithi kutoka pembe zote za dunia na hawajaona haja ya kuzimiliki. Sisi wa shindano la ukumbi mmoja na soda ndio tunataka mali ya milele.

Sitaki kuwasingizia watu ubaya. Nadhani hawa waandaaji walichukua fomu ya shindano la kuchora nembo, wakafuta neno "nembo" wakaandika "hadithi". Nembo sawa, taasisi lazima iimiliki, haiwezi kuazimwa. Lakini ujinga wa mwenye fomu haumpunguzii hasara mwenye hadithi.

Na jambo lenyewe wala halihitaji mwanasheria. Nendeni Pemba muulize watu wanavyokodishana mikarafuu. Mwenye shamba ana shida ya pesa, msimu unakuja, anamkodisha mtu mikarafuu yake. Wanapatana: mikarafuu ipi, msimu gani, wachumaji analipa nani, na makonyo anachukua nani. Makonyo! Hata vile vijiti vinavyobaki baada ya kupambua vina mwenyewe katika mapatano. Aliyekodi atachuma, ataanika, atapeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, pesa zake halali. Msimu ukisha, mikarafuu ya mwenyewe. Hajatokea mtu akasema kwa kuwa nilinunua karafuu za mwaka huu basi na mizizi nang'oa. Akisema hivyo atapelekwa kwa sheha, na akitoka hapo atasomewa hitma ya akili yake.

Lakini mtu huyohuyo, mjukuu wa wenye mikarafuu, ukimpa karatasi iliyoandikwa "haki zote, milele, kwa njia zote zilizopo na zitakazogunduliwa", anatia saini na kushukuru.

Hadithi fupi moja inaweza kuchumwa misimu mingi. Jarida linaitaka kuichapisha kwa mara ya kwanza: hiyo haki moja. Miaka miwili baadaye mtu anakusanya hadithi za visiwani anaiomba tena: haki nyingine. Redio wanataka kuisoma, kijana wa filamu anataka kuigiza, mtu anataka kuitafsiri. Kila moja ina bei yake na mapatano yake. Haki ya tafsiri peke yake ni shamba zima. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *Paradise*, ilitoka mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, *Peponi*, ya Ida Hadjivayanis, ikatoka 2022. Miaka 28 baadaye, baada ya Nobel ya 2021 iliyotufanya sote tuwe jamaa zake, kitabu bado kinachumwa, tena kwa lugha ya nyumbani kwa mwandishi. Nani anajua hadithi yako ya leo itatakiwa na nani baada ya miaka 28? Waandaaji wa shindano wasioweza kukuambia fainali ni tarehe ngapi, hao ndio umewakabidhi.

Kuna watu nikisema haya hunicheka. Kwani hadithi yenyewe ina thamani gani, kurasa nane, mapenzi na jini? Kama haina thamani mnaitakia nini?

Binti mmoja wa Wete kanitumia sauti, nyuma yake kuku wanagombana na mtu anaita maji yamekuja: "Dada, mie nishatuma hadithi yangu. Sasa ndo basi tena?" Nikamwambia andika barua pepe leo, kabla dirisha halijafungwa, sema unaiondoa kazi kwenye shindano na hukubaliani na sharti lile, litaje kwa namba, na barua usiifute. Kaandika. Wamemjibu neno moja: "Sawa." Bila nukta. Nikamwambia hiyo "Sawa" apige picha aiweke mahali pazuri kuliko cheti cha kidato cha nne.

Mwengine akaniuliza, lakini mie hadithi sijaisajili, nitadai vipi? Hapa tunapotoshana sana. Haki inazaliwa pale unapoandika. Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki, Namba 14 ya 2003, mbali na ile ya Bara ya 1999, na Tanzania imo tangu 1994 katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao hautaki usajili ndipo ulindwe. Kusajili COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kunasaidia ushahidi siku ya ugomvi, nendeni. Ila asikudanganye mtu kwamba bila karatasi ile hadithi ni ya yeyote anayeiokota. Ni yako uhai wako wote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo hilo "milele" la kwenye fomu unawatilia saini na wanao.

Na ukiiweka hadithi nzima kwenye Facebook au kwenye grupu la watu mia mbili, majarida mengi yatahesabu imeshachapishwa, na haki ya mara ya kwanza huitoi mara mbili. Jumuiya ya Madola wanataka ambayo haijachapishwa. Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika kwa miaka mingi ikataka iliyokwisha chapishwa, tena kwa Kiingereza. Jua unaipeleka wapi kabla hujaimwaga barazani.

Malipo ya hadithi fupi hapa kwetu sitayazungumza, nina presha.

Haya, na mie nikubali kidogo. Mashindano yametufaa. Muhammed Said Abdulla wetu alitoka kwa shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958, na bila shindano lile pengine mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake wangebaki kwenye daftari. Wachapishaji nao wanataka vitabu vya skuli. Ukiwapelekea hadithi fupi wanakutazama kana kwamba umekuja kukopa. Kwa hiyo mtu anayejitokeza kuandaa shindano, akatafuta wafadhili, akawabembeleza majaji, anastahili heshima. Tena ni kweli anahitaji ruhusa ya kuchapisha washindi, la sivyo kile kitabu atakitoaje? Ruhusa apewe. Iwe ya washindi tu, iwe ya kitabu kile tu, iwe na mwisho.

Na kwa kuwa mliniambia, waandaaji, kwamba wakosoaji hatuleti suluhisho, nimekuandikieni sharti jipya, chukueni bure, hakimiliki nimesamehe:

"Hakimiliki ya kila hadithi inabaki kwa mwandishi. Washindi wanawaruhusu waandaaji kuzichapisha hadithi zao katika mkusanyiko wa shindano hili, kwa Kiswahili, kwa miaka miwili tangu siku ya matokeo, na jina la mwandishi litatajwa. Hadithi zisizoshinda hazitatumiwa kwa namna yoyote bila idhini ya mwandishi kwa maandishi."

Kama nafasi ni ndogo kwenye fomu, punguzeni nembo za wafadhili.