Mwimbaji Anaingia Saa Ngapi?

Jumamosi iliyopita nilimpakia mpwa wangu, tunatoka Mbezi kwenda Kariakoo, tukanasa Manzese. Wimbo ukaanza. Akatulia, akasikiliza dakika ya kwanza, ya pili, akaikazia macho spika ya mlangoni kama mtu aliyepiga hodi na hajaitikiwa, kisha akaniuliza kwa adabu yote aliyofundishwa na mama yake: "Samahani mjomba, huyu mwimbaji anaingia saa ngapi?"

Nikamwambia haingii. Akacheka, akidhani namtania. Alipoona sicheki akasema, "Aaa, kumbe ni ile miziki ya kwenye lifti."

Lifti! Mtoto kazaliwa Mbagala, kasoma Mbagala, lifti alizopanda maishani zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hizo zenyewe ukifika ghorofa ya sita bila kukwama unasoma dua ya shukrani. Muziki wa kwenye lifti kausikia wapi? Kwenye filamu za Wamarekani. Dharau nayo siku hizi tunaagiza kutoka nje, kama magari.

Na kwa kuwa nimetaja magari, wimbo wenyewe niliupata kwenye gari. Wenye mitumba ya Kijapani mnajua: redio inaanzia 76 inaishia 90, nusu ya stesheni za mji huu unazisikia kwa majirani tu. Zile chache zinazoshika, kuanzia alfajiri ni Simba na Yanga. Fundi aliniahidi kile kidude cha kuongezea masafa "kesho", na kesho yake inaelekea mwezi wa nne sasa. Kila asubuhi nikiwasha gari dada wa Kijapani ananikumbusha kwa upole kwamba kadi ya kulipia barabara za kwao haijachomekwa. Namwitikia, tunaondoka. Siku moja kwa hasira nikabonyeza kila kitufe kilichokuwepo, na redio ikaanza kupiga CD ambayo sikujua kama imo. Ni ya kuchoma nyumbani, ina maandishi ya kalamu nyeusi, mwenyewe kaisahau huko kwao ikapanda meli pamoja na gari.

Wimbo wa nne ndio huo. Nilifika nikiwa nauimba, nami sina neno hata moja la kuimba. Wiki nzima hivyo. Mwishowe nikiwa sheli nikaishika simu mbele ya spika, ile programu ya kutambua nyimbo ikaniletea herufi mbili za Kijapani na jina la bendi, T-Square. Herufi zinasomeka Takarajima, yaani kisiwa cha hazina. Umo katika albamu yao ya S.P.O.R.T.S. ya mwaka 1986, enzi hizo bado wakijiita The Square. Mtunzi: Hirotaka Izumi, mpiga kinanda.

Kwanza nimalizane na mpwa wangu. Hivi sisi ndio wa kuuliza mwimbaji anaingia saa ngapi? Sisi tuliolelewa na sebene? Kwenye sherehe za kwetu waimbaji wanapoimba watu wamekaa, wanatafuna korosho na kumsema aliyechanga kidogo. Maneno yakiisha, gitaa la solo likaanza kupanda, hapo ndipo kina mama wanavua viatu. Sijaona bado mtu aliyesimama katikati ya sebene akadai mwimbaji arudishwe. Na Unguja huko, taarabu ya kale ikifunguliwa kwa bashraf, ganuni, fidla na nai zinazungumza zenyewe, wazee wanatikisa vichwa, na hakuna aliyewahi kudai kiingilio chake kwa sababu bibi hajaanza kuimba. Muziki usio na maneno tumekuwa nao siku zote. Tumeanza kuuonea haya hivi karibuni tu, tangu wimbo uwe ni kitu cha kutafutia nukuu ya kuweka "status".

Basi. Sasa huyu Izumi.

Mnawajua wapiga vinanda. Mtu ana vidole kumi na hana habari na mapafu. Anaweza kumwaga nota mpaka umeme ukatike, na bado hajachoka. Miaka ile ya 80 ndiyo vinanda vya umeme vilikuwa vimepamba moto, Wajapani wenyewe ndio wanaoviunda, na kila aliyekuwa nacho alitaka majirani wajue. Kijana huyu aliingia The Square mwaka 1982. Alikuwa na kila sababu ya kutunga wimbo wa kujionyesha: kinanda mbele, wengine wamsindikize. Akatunga sauti tamu kuliko zote alizokuwa nazo, akaikabidhi kwa Takeshi Itoh na saksafoni yake ya alto, yeye akabaki nyuma anatandika mkeka.

Usikilize vizuri huo mkeka, kwa spika zenye besi, si kwa simu. Lakini zaidi sikiliza jinsi saksafoni ilivyoandikiwa. Haitiririki moja kwa moja. Inasema kidogo, inanyamaza, inasema tena kidogo, na mara nyingi inaingia kabla ya pigo, kama mtu mwenye habari njema asiyeweza kukungoja ukae kitako. Ikifika kwenye kiitikio nota zinarefuka, wimbo unafunguka kama dirisha la upande wa bahari, na hata hapo kati ya msitari na msitari pana nafasi. Ile nafasi nilidhani ni ya mapambo. Nikaja kuelewa baadaye sana, kwa video, kwamba ni mahali pa kuvuta pumzi. Mtu ambaye chombo chake hakihitaji pumzi hata moja alikaa akawahesabia wenzake pumzi zao.

Video yenyewe ni ya wanafunzi. Nieleze, maana hapa ndipo nilipomalizia kifurushi cha wiki nzima usiku mmoja. Japani shule nyingi zina bendi za kupuliza, na si za kupokelea mgeni rasmi tu. Watoto wanafanya mazoezi kila siku baada ya masomo, wana mashindano ya taifa, wanalia wakishinda na wanalia wakishindwa. Mwaka 1987 Toshio Mashima aliuchukua Takarajima, akaupangia bendi za namna hiyo, akautia samba. Toka hapo wimbo haukurudi nyumbani. Umekuwa wa watoto. Vitukuu vya saksafoni ile ya Itoh wako maelfu, na wengi walizaliwa bendi ikiwa imeshabadilisha wanachama mara kadhaa.

Kwenye video niliyoishika mimi, mmoja anaanza peke yake na agogo, zile kengele mbili za chuma. Kin-kin, ko-ko. Hajapuliza mtu bado, na ukumbi mzima umeshajua ni nini kinakuja, makofi yameanza. Yupo binti mmoja safu ya pili, saksafoni ya bariton imemzidi kimo, kaikumbatia kama mtu aliyebeba mdogo wake aliyesinzia. Kabla ya kiitikio kamera inawapitia kwa karibu: mabega yote yanapanda pamoja. Yote, kwa wakati mmoja, watoto kama hamsini. Halafu yanashuka na sauti inatoka. Nikairudisha hapo mara nyingi mno kwa mtu mzima mwenye kazi asubuhi.

Ndiyo maana neno la lifti liliniuma. Ule wimbo una waimbaji wengi kuliko kwaya ya kanisa lolote la mji huu, ila wanaimba kwa mabomba.

Wajuaji wataniambia kwamba wimbo mkubwa wa bendi hiyo ni "Truth", wa mpiga gitaa Masahiro Andoh, ule ambao televisheni ya Fuji iliufanya wa kufungulia mbio za Formula One. Sawa. Ni wimbo wa mtu mwenye barabara tupu mbele yake. Mimi niko Manzese.

Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba fyusheni, yaani muziki wa namna hii wa jazi iliyochanganywa na roki, nyingi inachosha. Nimesikiliza nyingine baada ya hii, na mara nyingi ni mashindano ya vidole: mpiga gitaa anawahi, mpiga besi anamkimbiza, dramu zinalia kama zimepigiwa ndani ya tangi la maji, na ukiuliza wanakwenda wapi hakuna anayejua. Hata huu wenyewe una mng'aro fulani wa plastiki, wa miaka ile, ambao lazima uuzoee kama marashi ya shangazi. Mpwa wangu angesema hayo ningemwachia ushindi nusu. Hakusema.

Kilichonitia simanzi ni kwamba nilimtafuta Izumi nikiwa tayari nimeupiga mluzi wimbo wake miezi mitatu, nikidhani huenda ana ukurasa mahali nimwachie salamu. Unajua zile salamu za "nakusikiliza kutoka Dar es Salaam". Nikaanza kusoma. Mzaliwa wa Tokyo, 1958. Alitoka T-Square mwaka 1998, akajikita kwenye piano. Baadaye akaanzisha kundi la Pyramid na wenzake wa tangu enzi za shule, mpiga gitaa Yuji Toriyama na mpiga dramu Akira Jimbo. Jimbo huyo ndiye aliyepigia Casiopea, mahasimu wakubwa wa bendi yake! Piga picha mchezaji wa Simba na wa Yanga wanastaafu, wanafungua duka moja. Nikawa nacheka, nateremsha ukurasa, nikafika tarehe: 26 Aprili 2021. Moyo. Umri miaka 62.

Gari langu lilitua bandarini mwaka jana.

Kwa hiyo salamu sikumpa mtu. Kilichobaki ni kulitamka jina lake, na hapo ndipo nina ugomvi na sisi sote, mimi nikiwemo. Wimbo kwetu ni wa aliyeshika kipaza sauti. Aliyetunga ile sauti, aliyekaa usiku akaamua kinanda kinyamaze hapa ili tarumbeta ipite, huyo ni "na bendi yake". Ukitaka kujua nani kapiga kinanda kwenye nyimbo tulizokulia nazo, unaanza kuulizia wazee Magomeni, mmoja anakutuma kwa mwingine, na wa mwisho amezikwa mwezi uliopita. Hata hao watoto wa Japani, nadhani wengi wanaupiga Takarajima bila kumjua mwenyewe. Lakini jina lake limeandikwa juu ya karatasi ya nota iliyo mbele yao. Akitaka kulisoma mtoto, analo.

Jumapili nilikuwa kwenye harusi Tabata. Matarumbeta walikuja na bi harusi, vijana saba nyuma ya pikapu, na baada ya kumwingiza ukumbini wakakaa nje kwenye kreti za soda wakisubiri sahani zao. Nikamfuata kiongozi wao, mzee wa makamo mwenye tarumbeta iliyofungwa mpira wa baiskeli kwenye shingo. Nikamwamkia, nikampa simu, nikamwambia, "Mzee wangu, nisikilizie hiki."

Aliiweka sikioni, si mbele ya macho. Video inacheza, yeye hatazami. Kidole cha mkono mwingine kinabonyeza tarumbeta kimyakimya, kinakosea, kinarudi. Wala hakuuliza ni wa nani, wala wa nchi gani, wala nani anaimba. Alipofika kwenye kiitikio alinyoosha mkono niusimamishe.

"Rudisha kidogo. Hapa wanapumulia wapi?"

Nikarudisha. Akasikiliza tena, akatikisa kichwa polepole. "Ahaa. Kabla ya kupanda. Kawaachia pengo, huyu." Akaweka tarumbeta mdomoni, akajaribu msitari wa kwanza kwa sauti ya chini ili ndani wasisikie. Pigo lilimponyoka, aliingia kwa kuchelewa, ikawa kama mchiriku umevaa koti la suti. Kijana wa ngoma akajichekea. Mzee akarudia, safari hii akawahi, na ule msitari ukakaa.

Akanirudishia simu. Anataka elfu hamsini za mazoezi, nauli za vijana mbali, na kengele za kugonga nitafute mwenyewe. Nimemwambia elfu arobaini. Bado tunavutana.