Gayogayo wa Musa na dawa ya papa: tulimpima kwa kipimo kisicho chake

Ukizamia kwenye mchanga wa kandokando ya matumbawe, popote kati ya Bahari ya Shamu na Afrika Kusini, pwani yetu ikiwemo, unaweza kupita juu ya gayogayo huyu usimwone. Ni samaki bapa wa sentimita 26 hivi akikua sana, macho yote mawili upande mmoja, madoa yake yakifanana na mchanga anaojifukia. Kitaalamu ni Pardachirus marmoratus. Wengi humjua kwa jina la Nabii Musa, kwa hadithi kwamba bahari ilipogawanyika alikuwa katikati, akabaki nusu.

Miaka ya 1970 mtafiti wa samaki kutoka Marekani, Eugenie Clark, alimchunguza katika Ghuba ya Akaba, kaskazini mwa Bahari ya Shamu. Alipomminya, majimaji meupe mazito yalitoka kwenye vitundu vilivyo chini ya miiba ya mapezi. Akamtia kwenye tangi lenye papa. Papa alikuja kinywa wazi, akakaribia kuuma, kisha akageuka ghafla huku taya zimebaki wazi, kama zimekwama. Samaki huyo alipopanguswa kwa alkoholi, sumu ikamtoka, aliliwa. Hapo ndipo yalipoanza matumaini ya kupata dawa ya kufukuza papa.

Matumaini hayo hayakuwa ya kijinga. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanamaji wa Marekani walipewa dawa ya chumvi ya shaba iliyochanganywa na rangi nyeusi, na baadaye ikaonekana haifai kutegemewa. Sasa kulikuwa na kitu ambacho papa mwenyewe alikikimbia. Viambato vyake vilitambuliwa pia: protini fupi ya amino asidi (vijenzi vya protini) 33 iitwayo pardaksini, ambayo hutoboa utando wa seli, pamoja na kemikali nyingine zinazotenda kazi kama sabuni.

Hiyo sabuni ndiyo iliyowapa wapinzani wa matumaini hayo hoja yao nzito. Watafiti waliwajaribu papa kwa kemikali ya kawaida inayotiwa kwenye sabuni za maji, wakakuta nayo inawafukuza. Ya nini basi kuhangaika na samaki? Lakini hata sabuni ilishindwa mtihani wa jeshi la majini la Marekani, lililotaka dawa ya kuzunguka mwili wa mtu majini na kufanya kazi hata gramu 1 ikiyeyuka katika lita 10,000. Ilifaa tu iliporushwa moja kwa moja kinywani mwa papa. Nani aliye katika hatari ya kuumwa atalenga kinywa?

Hapo wengi wakafunga jalada. Mimi naona hoja yao ni sahihi kuhusu dawa, ila si sahihi kuhusu samaki. Gayogayo hana haja ya kuichafua bahari nzima. Sumu inatokea kwenye ngozi yake, na adui anapouma, kinywa na matamvua yake yako papo hapo, kabla maji hayajaizimua. Clark alipowafunga samaki wa aina mbalimbali kwenye kamba usiku baharini, wengine waliliwa, gayogayo akasalia. Kwa kazi yake mwenyewe silaha hiyo haina kasoro. Sisi tuliitaka ifanye kazi nyingine kabisa.

Upande wa tiba nao una mvutano. Pardaksini huua bakteria, jambo lenye uzito mkubwa leo ambapo dawa nyingi zinashindwa na vijidudu sugu. Ila nguvu ileile ya kutoboa utando hupasua pia chembe nyekundu za damu, kwa hiyo kumdunga mgonjwa ilivyo ni hatari. Sioni kwamba hilo linatosha kuiacha. Protini fupi kama hii hutengenezwa maabara na kubadilishwa amino asidi moja moja, hadi ipatikane inayochagua bakteria na kuiacha damu. Kazi hiyo inastahili fedha kuliko ndoto ya dawa ya papa, na haihitaji gayogayo hata mmoja atolewe mchangani.