Kamba Nishike Mimi, Dola Ule Wewe?

Limezunguka tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Tanga mpaka limechosha. Wanatafutwa vijana wachangamfu wa kujitolea, timu ya chini ya puto la watalii kule Serengeti, yale makubwa ya hewa ya moto yanayobeba watu kapuni, miezi sita. Nauli, chakula na malazi juu ya mwombaji. Mwisho utapewa cheti. Chini yake mtu kaweka dole gumba na neno moja: fursa. Fursa! Mtoto wa watu atoke Chumbageni, apande basi kwa hela ya mama yake ya vitumbua, akamnyanyulie tajiri puto lake kwa ajili ya karatasi yenye muhuri.

Mpwa wangu kanitumia akijua kazi hiyo nimewahi kuifanya, tena bure, tena kwa furaha. "Mjomba, si na wewe ulijitolea?" Ndiyo, mjomba, nilijitolea. Kaa nikueleze.

Nilikuwa nasoma Bristol, Uingereza. Wale watu wana wazimu wa maputo. Tangu 1979 wana tamasha lao pale Ashton Court, na mji mzima unatazama juu. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa na puto lake na alikuwa anatafuta mikono. Saa kumi na moja alfajiri, nyasi zimelowa, mnalaza kapu ubavu, mnalivuta puto kutoka kwenye gunia lake na kulitandaza. Wawili wanashika mdomo wake uwe wazi, feni ya petroli inajaza hewa baridi. Mimi nilipewa kamba ya utosini, iliyofungwa kileleni mwa puto. Unasimama kule mwisho kabisa, glavu mkononi, unaegemea nyuma kwa uzito wako wote, ili rubani akiwasha moto puto lisiinuke kwa pupa na kuanza kuyumba. Linavyopata joto linakuvuta. Unalifuata hatua kwa hatua huku unalikatalia, mpaka linasimama wima juu ya kapu. Jambo la kwanza nililofundishwa: usizungushe kamba mkononi. La pili: miguu ikiacha ardhi, achia hapo hapo. Watu wamekufa kwa kung'ang'ania.

Likishaondoka, ndiyo kazi yenyewe inaanza. Puto halina usukani; rubani anapanda na kushuka tu akitafuta upepo wa kumfaa. Nyinyi mko chini na Land Rover na tela, redio mkononi, mnakimbizana na kitu ambacho hakijui barabara. Likitua kwenye shamba la mtu, unakwenda kubisha hodi, unaomba ruhusa kwanza, tela ndiyo liingie, na geti unalifunga nyuma yako ng'ombe wasitoroke. Kisha mnalikamua hewa, mnalishindilia gunia. Nimelikalia gunia lile pamoja na mke wa yule mzee, bibi wa miaka sabini na ushei, tunacheka kama watoto.

Malipo? Gesi alinunua mzee. Chai na mayai alilipa mzee. Na zamu yangu ilipofika, nilipanda mimi, mkewe akashika kamba. Hakuna aliyekuwa akiuza kitu pale. Kwa leseni aliyokuwa nayo, biashara ya abiria hakuruhusiwa hata angetaka.

Sasa njoo Serengeti, ambako maputo ya watalii yanaruka tangu 1989. Saa moja hivi ya angani, tiketi inazidi dola 500 kwa kichwa. Kapu kubwa linabeba hadi watu 16. Piga hesabu mwenyewe, asubuhi moja tu, jua halijakolea. Wakitua wanafunguliwa shampeni. Shampeni, ndugu zangu, nyikani, na aliyeshika kamba anawaza nauli ya kurudi Tanga.

Nenda ufukweni hapa Tanga, Sahare au Deep Sea, boti zikirudi. Mpita njia akiingiza bega kusukuma ngalawa ipande mchangani, haondoki mikono mitupu; atarushiwa vibua viwili vitatu vya kitoweo. Siku nahodha hakupata kitu, atasema leo bahari imenuna, mnisamehe, na watu watamwelewa, maana naye anakwenda kulala na njaa. Ila nahodha aliyejaza nguru mashua nzima, kisha akawaambia waliosukuma kwamba wamepata uzoefu wa kusukuma? Huyo kesho asukume mwenyewe.

Haya, nakubali, uzoefu una thamani yake. Aliyewahi kukunja puto ataajiriwa kabla ya asiyewahi kuliona. Wiki mbili za mafunzo bila mshahara, kwa chakula chao na kitanda chao, nisingefungua mdomo. Miezi sita kwa nauli yako, hapo wewe ndiye mfadhili wa kampuni.

Kuna waliouliza kwa nini biashara hii isiletwe Tanga, vijana wasihangaike na safari. Maputo huruka alfajiri, upepo ukiwa mpole, na alfajiri kwetu unavuma umande, ule upepo wa nchi kavu, kwenda baharini. Waulize wavuvi wanaotoka nao. Abiria watakunywa chai Pemba, wakijaliwa. Mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith na wenzake walivuka kwa puto la haidrojeni kutoka Unguja hadi bara, lakini wao upepo waliupata.

Lililonikera zaidi hata kwenye tangazo halipo. Ile kamba inavunja mkono. Mwajiriwa akiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mwajiri anachangia, kuna pa kwenda kudai. Wa kujitolea mwajiri wake nani? Atapakiwa kwenye basi na bandeji yake, na ujumbe wa pole utamkuta njiani.

Na mpwa wangu kwenda anataka, nisifiche. Ana nguvu, alfajiri haimshindi, glavu nitamnunulia mimi. Wampe mkataba.