Baba Mkubwa Mgongoni

Jicho la kushoto halikuwa na tatizo. Kila aliyeiona picha alisema hivyo, na ndiyo maana sikumwamini hata mmoja. Ukimwambia mchoraji wa aina yangu "mbona iko sawa tu", yeye husikia "pole sana".

Mimi huchora baada ya kazi. Studio sina. Nina kona ya chumba, stendi yenye mguu mmoja uliofungwa kamba, na magazeti ya zamani ambayo hayajawahi kuzuia tone hata moja lisifike sakafuni. Kuchora nimejifunza mwenyewe, na ugonjwa wangu nao nimejifunza mwenyewe: siwezi kumaliza picha. Kuanza naanza vizuri. Ile siku ya kwanza mistari imelegea, rangi zinapumua, hata mwenyewe najipongeza. Halafu naiona pua. Narekebisha pua. Pua ikikaa, mdomo unaonekana umehama. Naurudisha mdomo mahali pake, shavu linavimba. Mwisho wa yote mtu aliyeanza akitabasamu anabaki na sura ya mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo.

Basi Baba Mkubwa akafikia kustaafu. Amefundisha hesabu maisha yake yote. Sisi watoto wa ukoo tulikuwa tukiulizwa saa ngapi tunaogopa kujibu bila kuonyesha njia. Ndugu wakakutana, wakapanga sherehe, na Mama Mkubwa akatangaza mbele ya watu: "Picha ataleta huyu mwanangu. Si kila siku anachora?" Akanipa fotografia ya mumewe kwa siri, imekunjwa pembe moja, mzee amecheka mpaka meno yote yako nje. Tukio la nadra. Sikuelewa walimpigaje.

Nikachagua rangi za mafuta. Wachoraji wenzangu hapa mtatikisa vichwa, mnajua tunakoelekea. Kwa wengine nieleze kidogo. Rangi ya maji hukauka maji yakishapaa. Akriliki ni hivyo hivyo, hujamaliza kuosha brashi imeshakauka. Rangi ya mafuta haina maji ya kupaa. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake huvuta oksijeni ya hewani, na polepole hugeuka utando mgumu. Tabaka jembamba huchukua siku kadhaa, tabaka nene huchukua wiki nyingi. Tena rangi zenyewe hazilingani mwendo. Zile kahawia za udongo wenye madini ya manganizi hukauka mapema, kwa kuwa manganizi huiharakisha kazi. Nyeupe ya titani hujikokota. Na watengenezaji wengi huisaga kwa mafuta ya aina nyingine yasiyogeuka manjano upesi, ambayo nayo ni mavivu kukauka. Shikeni hapo, kwa sababu Baba Mkubwa ana ndevu nyeupe.

Mtu mwenye akili timamu angepaka, akaiacha ukutani, akaenda kulala. Mimi kila jioni nilirudi "kugusa kidogo tu". Kila mguso ulikuwa rangi mbichi juu ya rangi mbichi. Mashavu na mandhari ya nyuma, vyote kahawia, nilivimaliza mapema vikakauka vizuri kabisa. Ndevu, meno, nywele za pembeni na weupe wa macho niliviongezea mpaka vikawa na unene wa kushikika kwa vidole. Rafiki yangu mmoja aliyekuja kuniangalia aliniambia, "Hiyo picha iache, itakulaani." Nikamwambia nabakiza jicho la kushoto tu.

Asubuhi ya sherehe niliibeba kwenye boksi isiguswe na kitu. Binamu yangu akaitundika sebuleni, kwa msumari mmoja ambao yeye aliuona unatosha. Watu wote walikuwa uani, na mpango ulikuwa kwamba ukifika wakati wa zawadi picha italetwa nje. Nikavaa shati langu la bluu iliyokolea, la heshima, nikakaa safu ya nyuma kusikiliza hotuba.

Shida ya kukaa pale ni kwamba nilikuwa namwona mwenye sura. Ana kwa ana, kwenye jua. Na nikaona kwamba kope ya jicho lake la kushoto inashuka kidogo kwa nje. Kidogo sana! Katika fotografia kivuli kilikuwa kimeificha. Kuanzia hapo sikusikia tena hotuba ya mtu yeyote. Mfukoni nilikuwa na brashi na tyubu ndogo ya rangi nyeupe. Msiniulize kwa nini mtu aende sherehe na brashi mfukoni.

Nilijipa moyo kwa habari za wakubwa. Inasimuliwa kwamba Pierre Bonnard, yule mchoraji Mfaransa, alikuwa akiingia makumbusho na rafiki yake Édouard Vuillard. Vuillard anamzubaisha mlinzi kwa maneno, Bonnard anachomoa brashi na kuigusa picha yake mwenyewe iliyokwisha tundikwa. Mimi Vuillard sikuwa naye. Nilikuwa na binamu, nikamwomba asimame mlangoni, akimwona mtu akohoe. Akaitikia huku akitazama simu. Hapo hapo ningejua.

Nikaingia. Nikagusa kope. Ikapendeza, kweli ikapendeza, na kama ningetoka wakati ule msingekuwa mnasoma haya. Lakini kope moja ikishuka, ya pili inaonekana imepandishwa. Nikagusa ya pili. Nikaweka nukta ya mwanga kwenye mboni. Nukta moja ikadai mwenzake. Nilikuwa nimeinama pua karibu na pua ya Baba Mkubwa wa kanvasi niliposikia sauti ya Baba Mkubwa wa kweli kibarazani: "Miwani yangu nimeiacha ndani."

Kikohozi hakikuwepo.

Nikageuka haraka, brashi nikaificha nyuma, nikasimama mbele ya picha nimetanua mabega. Kile kishindo cha kugeuka kikautikisa msumari. Nikahisi fremu inateleza mgongoni. Nikarudi nyuma nusu hatua, nikaikandamiza ukutani kwa mgongo wangu isianguke. Ilikuwa baridi. Ilikuwa na unyevu. Nilielewa kila kitu na sikuweza kufanya lolote.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Nanyoosha mgongo."

Kwa mtu mwingine jibu hilo lingetosha. Huyu ni mwalimu. Mwalimu akisikia mtoto ana mgongo uliopinda, kustaafu kunasitishwa. Akasogea, akanipima kwa macho. "Hivyo ndivyo unavyonyoosha? Mabega ukutani!" Akaweka kiganja kifuani pangu, akasukuma. "Kisogo nyuma. Vuta pumzi. Zaidi. Shikilia hapo." Na mimi nikavuta pumzi, nikavimba, huku mzee anajikandamiza mwenyewe kwenye shati langu kwa mikono yake, kwa bidii, akihesabu mpaka 10. Alipofika 10 akasema bado, akaanza upya.

Akachukua miwani, akaondoka ameridhika. Nikajibandua. Ulitoka mlio ambao sitaki kuueleza. Kwenye kanvasi ndevu zilikuwa zimelala bapa, meno yamekutana na mdomo wa chini, na zile kope nilizozihangaikia zilikuwa ukungu. Juu ya ndevu hizo ungeweza kuhesabu nyuzi za kitambaa cha shati. Hofu yote niliielekeza kwenye kanvasi. Mgongo wangu sikuukumbuka hata kidogo, maana mgongo mtu hauoni. Nilikuwa ndiyo kwanza nachomoa brashi nirekebishe, mshereheshaji akaita kwenye kipaza sauti: "Mchoraji wetu aje mbele!"

Nikatoka, nikapita katikati ya viti kuelekea mbele. Kicheko kikaanza safu ya nyuma. Nikadhani mtu katoa kichekesho. Nikipita safu, safu ile inaangua. Nikaona kumbe napendwa kiasi hiki, nikapunga mkono. Bibi mmoja akapiga kelele, "Anatutazama huyo!" Nikamwinamia kwa heshima, na nilipoinama wa nyuma yangu wakalia machozi. Mshereheshaji akanishika bega, akanigeuza taratibu, mgongo kwa meza kuu.

Kukawa kimya. Nikasikia kiti kinasogezwa, kisha viatu. "Usigeuke," alisema Baba Mkubwa. Akavaa miwani. Nilihisi pumzi yake shingoni, akinikagua kutoka juu kwenda chini, jinsi alivyokuwa akikagua madaftari yetu.

"Huyu ni mimi," akasema.

Sasa nifafanue nini kilikuwa pale, ingawa mimi mwenyewe nilikuja kukiona baadaye, shati likiwa mezani. Kahawia zote zilikuwa zimekauka, hazikuacha hata alama. Vilivyohamia ni vyeupe peke yake: ndevu, nywele za pembeni, weupe wa macho, meno. Ngozi ya uso ilikuwa shati lenyewe, ile bluu iliyokolea. Hakuna pua. Ile pua niliyoipigania jioni kwa jioni haikuwepo kabisa, na hakuna aliyeiulizia. Mzee alikuwa anacheka kutoka gizani, mzima. Uchapaji wa namna hii upo katika sanaa, unapaka bamba, unakandamiza karatasi, unapata nakala moja basi. Mchoraji Mfaransa Edgar Degas alitengeneza nyingi sana. Ila sijasikia kwamba aliwahi kuzivaa.

Binamu, aliyekuwa amemaliza mambo ya simu, akaileta kanvasi nje. Wakaiweka kando yangu. Ukaanza mjadala ambao mimi nilihudhuria nikiwa nimewapa kisogo.

"Wa kwenye shati ndiye," Baba Mkubwa akashikilia.

"Hata!" Mama Mkubwa akasema. "Mume wangu nywele zimeanza kumtoka upande wa kulia. Huyu wa shati zimemtoka kushoto. Wa kanvasi ndiye, ingawa amelowa."

"Kila asubuhi nachana ndevu mbele ya kioo, Mama, mimi nisijijue?"

Wote wawili walikuwa sahihi. Chapa hugeuza kulia kuwa kushoto, na kioo nacho ni hivyo hivyo. Mzee hajawahi kuuona uso wake isipokuwa kwenye kioo na katika fotografia, na fotografia zote yeye huzisuta kwamba hazifanani. Mkewe naye amemtazama ana kwa ana miaka na miaka. Nilijaribu kuwaeleza. Nikaambiwa shati halizungumzi.

Ugomvi ulimalizwa kwa kalamu nyekundu, ambayo Baba Mkubwa alikuwa nayo mfukoni hata siku ya kustaafu. (Sikumuuliza kwa nini mtu aje sherehe na kalamu nyekundu. Tunafanana kuliko nilivyodhani.) Akachukua karatasi ya ratiba, akaandika nyuma yake, akaisoma kwa sauti: "Kanvasi: njia ndefu, jibu lina walakini, 5 kwa 10. Shati: njia haikuonyeshwa, jibu sahihi, 9 kwa 10." Alama moja aliikata kwa sababu ya njia. Kisha akaniambia nivue.

Nikamaliza sherehe ndani ya koti lake, mikono imenizidi.

Jioni, watu wamepungua, nilijaribu kujitetea kwa elimu. Nikamweleza habari ya Paul Cézanne, aliyemchora mfanyabiashara wa picha Ambroise Vollard mwaka 1899. Vollard mwenyewe alisimulia kwamba alikalishwa mara 115. Baada ya yote hayo Cézanne akaiacha picha haijakwisha, akasema sehemu ya mbele ya shati haikumchukiza. Mara 115, anaridhika na kipande cha shati!

Baba Mkubwa akafikiri. "Huyo aliridhika na mbele," akasema. "Wewe shukuru kwa nyuma."

Niliomba kanvasi nikaitengeneze. Wakakataa. Niliomba hata ndevu tu, nikakataliwa. Baada ya miezi kadhaa shati lilipokauka vizuri wakalitia kwenye fremu, mikono imekunjwa nyuma, vifungo havionekani, likatundikwa pembeni ya kanvasi. Mgeni akija huulizwa yupi ndiye, na nyumba ile inagawanyika upya.

Mimi tangu siku ile nimechora picha kadhaa nikaziacha zikiwa na pua zilizopinda kidogo, na hakuna aliyekufa. Lakini pale kwa Baba Mkubwa hawaniamini. Nikifika, Mama Mkubwa hunipekua mifuko mlangoni kabla ya kuitikia salamu. Safari hii ya majuzi mifuko ilikuwa safi. Akanitazama usoni, akanitazama miguuni, akaniambia nivue viatu. Kwenye soksi akakuta brashi nyembamba, namba sifuri.

"Hii ni ya nini, mwanangu?"

"Ya kusafishia masikio, Mama Mkubwa."

Akanivutia kiti, akakaa mbele yangu, akakunja mikono. "Haya, safisha."