Wekeni mkasi chini

Juzi hapa Missouri niliingia duka la vifaa vya uwindaji kutafuta filimbi ya mdomoni ya kuitia bata mzinga: tando mbili za mpira, isiyokatwa popote. Muuzaji akanitazama kwa huruma. "Hizo ni za watoto, kaka," akaniambia, akanisogezea ya tando tatu, wa juu umechanwa mikato miwili wanayoiita mabawa ya popo, ili sauti ikwaruze. Akatoa yake mfukoni, akaibandika kwenye kaakaa, akapuliza. Ikatoka sauti ya kuku mwenye mafua aliyelala nje usiku wa mvua.

Nimechoka. Kila machipuko yakikaribia, tunapowaita madume kwa kuigiza mlio wa jike, wimbo ni mmoja: mkwaruzo, mkwaruzo, mkwaruzo! Nani aliwaambia kwamba majike wote wa porini wamekauka koo? Nenda alfajiri ukae chini ya mwaloni kabla hawajashuka mtini, usikilize. Jike haanzi na mkwaruzo. Mlio wake una vipande viwili: cha kwanza chembamba, cha juu, safi kabisa, kisha sauti inavunjika na kushuka, na hapo ndipo ukavu kidogo unapoingia. Mwenye filimbi iliyochanwachanwa anakiruka cha kwanza chote. Wale makinda wa vuli waliopotezana na mama yao ndio usiseme, wao ni mluzi mtupu. Uigize kwa tando tatu zilizokatwa, halafu uje unisimulie.

Mkwaruzo ni kazi ya mpulizaji, si ya mkasi. Filimbi safi ukiilegezea ulimi kidogo na kusukuma pumzi kutoka kifuani, inakwaruza utakavyo, kisha unairudisha ilivyokuwa. Iliyozaliwa inakwaruza utaisafisha kwa nini? Kwa maombi?

Ndiyo maana natengeneza zangu. Vitu ni vichache: fremu ya alumini iliyopinda kama herufi U, tepu, na mpira mwembamba wa lateksi. Mimi natumia wa inchi 0.003, kwa sababu unaitika kwa pumzi ndogo. Kazi yenyewe iko kwenye kuuvuta. Ukilegea, sauti inakuwa pana na nzito. Ukiuvuta zaidi, inapanda na kutakata. Ukizidisha, unapata kelele ya bawaba kavu, na kile kipande cha pili cha mlio hakitoki tena. Kabla sijaibana fremu naiinua kwenye mwanga na kukagua kingo. Kikunjo kimoja upande wa kushoto, hata chembamba kama uzi, kitatetemeka kivyake, na huo ndio mkwaruzo ambao hakuna aliyeuomba. Tando zenyewe zisigandane. Tepu nayo ipunguzwe hadi ikae sawasawa kwenye kaakaa lako wewe, maana pumzi inayovujia pembeni inachafua sauti, nasi tunasingizia mpira. Kama mkono unakuwasha lazima ukate, kata alama ndogo katikati ya utando wa juu, isizidi chembe ya mchele.

Wenyeji wa bara hili waliita ndege hawa kwa mfupa wa bawa, wakinyonya hewa badala ya kupuliza, karne nyingi kabla ya filimbi hizi za mpira. Mnamo 1897 Henry Gibson wa Arkansas akapata hataza ya kisanduku chake cha mbao, kinachotoa mlio kwa kusuguliwa. Hao wote walikula nyama bila mabawa ya popo.

Haya, nakubali: siku ya upepo mkali, iliyokatwa inafika mbali zaidi. Na wako majike wazee wenye sauti mbaya kwelikweli. Weka moja mfukoni basi, tusigombane.

Mama yangu akisikia haya kwenye simu huniuliza kama Marekani bucha zimefungwa. Yeye sina la kumjibu. Nyinyi mnaoingia porini na kofia nyekundu ndio ninao wa kuwaambia: kichwa cha dume kina nyekundu, nyeupe na buluu, na mwenzako nyuma ya kichaka ana bunduki.

Baada ya kuwinda, suuza filimbi, pachika kijiti bapa cha meno kati ya tando, uiweke kwenye friji. Mpira na jua havipatani. Ile iliyokaa juu ya dashibodi ya gari tangu mwaka jana, tupa. Hiyo mpelekee yule muuzaji, ataipenda.