Bahari ya Enceladus: haidrojeni ipo, mlaji je?

Palipo na maji pana uhai: ndivyo wengi wanavyosema kila zinapotoka habari za miezi ya barafu. Dodoma, mji uliokulia kwenye visima vya Makutupora, kauli hiyo haina mpinzani. Kwa Enceladus haitoshi. Mwezi huu wa sayari ya Zohali una kipenyo cha kilomita 500 hivi, zaidi kidogo ya barabara ya Dodoma hadi Dar es Salaam, na chini ya barafu yake kuna bahari ya chumvi. Hilo halibishaniwi sana tena, kwani mwaka 2005 chombo cha anga cha Cassini kiliona mvuke na chembe za barafu vikiruka kutoka kwenye nyufa za ncha ya kusini. Ubishi uliobaki ni wa chakula cha uhai na wa mwanzo wake.

Wenye matumaini wanaanzia kwenye haidrojeni. Tarehe 28 Oktoba 2015 Cassini kilipita ndani ya mvuke huo, kilomita 49 tu juu ya barafu, kikapima haidrojeni kati ya asilimia 0.4 na 1.4. Kazi haikuwa rahisi. Kabla ya hapo, barafu ilikuwa ikigonga kuta za chumba cha kupimia, zilizotengenezwa kwa metali ya titani, maji yakakutana na titani, haidrojeni ikazaliwa humo humo. Ya bahari ni ipi, ya kifaa ni ipi? Safari hii wataalamu walitumia njia nyingine ya kifaa hicho, inayopokea molekuli moja kwa moja bila kugusa kuta. Ndiyo maana nakiamini kipimo hiki.

Chanzo chake, inavyoelekea, ni maji ya moto yanayomenyana na miamba yenye chuma. Punje za silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, zilizonaswa na Cassini zinahitaji maji ya nyuzi 90 au zaidi ili ziundwe. Kaboni dayoksaidi nayo imo. Wapo vijidudu wanaounganisha gesi hizi mbili, wakapata nishati na kutoa methani. Wamo hata ndani ya tumbo la ng'ombe. Mwaka 2023 ikaongezeka fosfati, chumvi ya fosforasi ambayo uhai unaihitaji, iliyotambuliwa katika takwimu za Cassini.

Wenye shaka wanauliza: chakula chote hicho, mbona hakijaliwa? Swali zuri, ila halimalizi kesi. Hata hapa duniani, matundu ya moto ya chini ya bahari hutoa haidrojeni ambayo bado haijaguswa, kwa kuwa ndani ya moto ule hakuna anayeweza kuishi.

Shaka inayonisumbua mimi ni ya mwanzo wa uhai. Tazama bwawa la Bahi, mkoani Dodoma. Masika linajaa, kiangazi maji yanarudi nyuma, na pembeni udongo unabaki na ukoko mweupe wa chumvi. Kilichokuwa kimetawanyika kwenye maji mengi kinasongamana mahali padogo. Wanakemia kadhaa wanaamini minyororo ya kwanza ya molekuli za uhai iliungana kwa kulowa na kukauka namna hiyo, tena na tena. Enceladus haina ufukwe wa kukauka. Upande wa pili unajibu kwamba vitundu vya miamba ya sakafu ya bahari vinaweza kusonganisha molekuli, na maji yakiganda chumvi husukumwa pembeni pia. Jibu hilo lina nguvu, lakini halijanishawishi. Pia umri wa mwezi wenyewe unabishaniwa. Wapo wanaoukadiria kuwa miaka milioni 100 tu, muda ambao huenda ni mfupi mno kwa uhai kuanza.

Kwa hiyo naona mazingira yanafaa, ila mkaaji simtarajii sana. Hata hivyo apimwe, maana huku hatuhitaji kuchimba. Barafu ya Europa, mwezi wa Mshtarii unaodhaniwa nao kuwa na bahari chini yake, inakadiriwa kuwa na unene wa kilomita nyingi, wakati shimo refu kuliko yote tuliyochimba kwenda chini, lile la Kola nchini Urusi, lina mita 12,262. Enceladus yenyewe inatutupia sampuli.

Chombo kijacho kisipite kwa kasi ya Cassini siku ile, kilomita 8.5 kwa sekunde, kwa kuwa molekuli kubwa huvunjika zikigonga. Nusu ya kasi hiyo ingefaa zaidi. Kitafute amino asidi, yaani vijenzi vya protini, si methani peke yake, maana miamba nayo hutengeneza methani. Kemia isiyo na uhai hutoa zaidi glisini, amino asidi iliyo nyepesi kuliko zote. Zile nzito huja kwa maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na uhai hutumia zaidi umbo moja; zikiwa nyingi, tena zote za mkono mmoja, hapo kuna neno. Na kabla ya kuingia kwenye mvuke, kifaa kipimwe kikiwa kitupu, ili uchafu kilioondoka nao duniani ujulikane mapema.